Waya mmoja au miwili kwa MicroServer Gen8?

Umeuliza kama waya mmoja wa mtandao unatosha kwa HP MicroServer Gen8. Unatosha, lakini ukiwa na nafasi kwenye swichi ya mtandao, chomeka miwili: mmoja wa seva, mmoja wa iLO, yaani sehemu ya kuisimamia seva ukiwa mbali. Nyuma kuna matundu matatu: mawili ya seva yenyewe, na moja la iLO peke yake. iLO 4 ni kama kompyuta ndogo ndani ya seva: ina anwani yake ya IP, na inaendelea kufanya kazi hata seva ikiwa imezimwa, mradi umeme upo. Ndiyo maana unaweza kuiwasha ukiwa mbali.

Ukilazimika kutumia mmoja, ingia kwenye mipangilio ya iLO uchague kushiriki tundu la kwanza. Ila waya huo ukikatika, unapoteza seva na iLO kwa mpigo.

Bila leseni ya kulipia ya iLO Advanced, skrini ya mbali ya iLO hukatika mfumo endeshi unapoanza kuwaka.

Tafadhali sana, usiiweke iLO wazi kwenye intaneti. Matoleo ya programu ya iLO 4 yaliyotangulia 2.53 yana udhaifu uliotangazwa 2017, unaomruhusu mtu kuingia bila nywila. Sasisha kwanza, kisha pitia VPN, yaani njia iliyolindwa ya kuingia kwenye mtandao wako ukiwa mbali.