Bei Imeshuka, Je, Nifunge Duka?

SWALI: Mzee, salamu kutoka Kondele, Kisumu. Nauza laptopu za mtumba. Zamani moja ilinipa faida ya shilingi 5,000, nikiuza tatu kwa mwezi. Sasa sipati zaidi ya 2,000, na kumi nilizoweka akiba zimeniozea mkononi kwa sababu bei inazidi kushuka. Nihamie biashara nyingine?

JIBU: Pole sana, kijana wangu. Uchungu huo naujua. Mwaka 2006 nilijaza kabati langu hapa Nakuru flashi za megabaiti 256, nikizinunua 2,000 kila moja. Kabla ya mwaka kwisha, jirani yangu aliuza zenye uwezo maradufu kwa 1,500. Usingizi ulinipaa.

Lakini siku hizo wateja wangu walikuwa wahasibu na wahadhiri tu. Flashi ziliposhuka hadi 700, akaja dereva wa matatu ya Njoro. Alichukua moja, akaichomeka kwenye redio ya gari palepale barabarani, akasikiliza huku mkono ukiwa kwenye usukani. Jumamosi akarudi kutaka nyingine mbili, moja ya nyimbo za injili za asubuhi. Kwa 2,000 asingeniuliza hata bei. Haja yenyewe ilizaliwa na ile 700.

Ndivyo ilivyo tangu mwanzo. Mwaka 1956 diski ya kwanza ya kuhifadhia data, ya kampuni ya kompyuta ya IBM, ilibeba takriban megabaiti 5, nayo ilikuwa kabati kubwa kuliko friji. Nani angeifikiria kwa picha za harusi?

Sasa piga hesabu. Tatu kwa 5,000 ni 15,000. Kwa 2,000, ukiuza nane umeshapita hapo. Je, hao watano zaidi wapo? Weka daftari mlangoni, uandike kila anayeuliza bei akaondoka, na anataka mashine ya kazi gani. Ukipata mmoja tu kwa mwezi, hama bila kuona haya. Wakiwa wengi, baki.

Ila usiweke akiba tena. Chukua mbili tatu, uza, rudi. Najua bei hupanda pia. Mafuriko ya Thailand ya 2011 yalizamisha viwanda vya diski, yakapandisha bei yake duniani kote. Hata hivyo usicheze kamari na mtaji mdogo. Hizo kumi ziuze wiki hii, hata kwa hasara, na pesa utakazopata nunua pia chaja na betri. Kila laptopu ya mtumba inayotoka dukani kwako itarudi kuzitafuta.