Maswali Yenu: Rilodi zangu zinagoma kwenye kabini, ninunue mtutu gani?

SWALI: Habari za kazi. Mimi niko Houston, Texas, wikiendi huwa napiga shabaha na kabini, yaani bunduki fupi ya begani, ya 9mm ya mtindo wa AR. Risasi najaza mwenyewe nyumbani, ndizo hizo rilodi, maganda nayaokota renji, kichwa natumia cha uzito wa greni 147, cha madini ya risasi kilichopakwa rangi, bapa mbele. Kwenye bastola zinapita zote, lakini kwenye kabini kila magazini lazima moja au mbili zigome, bolti haifungi mpaka mwisho, naipiga kiganja ndo inafunga, na nikitaka kuitoa hiyo risasi inang'ang'ania. Jamaa wa renji wananiambia nibadilishe mtutu. Ninunue upi, na urefu gani?

JIBU: Kaka, kabla ya mtutu, hiyo ya kupiga bolti kiganja acha leo leo. Kabini nyingi za 9mm za mtindo huo bolti haijifungi kwa meno kama ya AR ya kawaida, kinachoishikilia wakati baruti inawaka ni uzito wake na springi tu basi. Risasi ikigoma nusu njia halafu ikafyatuka, ganda liko nje ya chemba, kile chumba cha risasi nyuma ya mtutu, halina ukuta wa kulishika, linapasuka, na moto wote unashuka kwenye magazini na mikononi mwako. Ikigoma, toa magazini, elekeza mtutu sehemu salama, itoe hiyo risasi uiweke pembeni, usiirudishe.

Sasa tuitafute sababu, maana mtutu si bei ya karanga na inawezekana kabisa wa kwako hauna kosa. Bunduki ikiwa tupu, fungua, toa bolti, simamisha mtutu mdomo chini, halafu dondosha risasi moja kwenye chemba kwa vidole. Inatakiwa ishuke yenyewe isikike "tak", izunguke ukiizungusha, na ukipindua mtutu idondoke bila kuvutwa. Isipofanya hivyo, ipake makapeni nyeusi kichwa na ganda zima, iingize tena, izungushe, itoe uangalie rangi imekwanguka wapi. Ikikwanguka kwenye kichwa, kichwa kinagusa mifereji ya ndani ya mtutu kabla ganda halijakaa, yaani koo la mtutu, ile sehemu kati ya chemba na mifereji, ni fupi. Ikikwanguka pale mdomo wa ganda, hujaubana vizuri baada ya kuweka kichwa. Ikikwanguka chini karibu na kitako, ganda limevimba, na maganda ya kuokota yana sana tabia hiyo kwa sababu hujui yalipigwa kwenye silaha gani, na dai ya kusaizi, kile chuma cha kurudisha ganda kwenye kipimo chake, haifiki mpaka chini kabisa.

Mimi kwa maelezo yako nadhani ni koo. Kile kichwa cha greni 147 ni kirefu na bapa, unene wake unaanza mbele sana. Watu wengi wanapima urefu wa risasi wanaona iko chini ya inchi 1.169, ile ya juu kabisa kwa 9mm, wanaridhika, kumbe hiyo namba haijui kichwa chako kina umbo gani. Unaweza kukizamisha kichwa zaidi kidogo, LAKINI ganda la 9mm ni dogo, ukizamisha nafasi ya baruti inapungua na presha inapanda haraka, na mwisho wake ni psi 35,000. Kwa hiyo ukizamisha unarudi kwenye kitabu cha kujazia, unaanza na kipimo cha chini kabisa cha baruti, usibaki na kile cha zamani.

Kama hutaki kuhangaika na urefu, fundi bunduki mwenye rima ya koo, kile kikatio cha kuchonga ndani ya mtutu, anaweza kulirefusha la mtutu ulionao, na mimi ningeanza hapo kabla ya kununua.

Ukinunua kweli, tafuta chemba ya kipimo cha kawaida cha SAAMI, chama cha watengenezaji wa Marekani kinachoweka vipimo vya silaha na risasi, zile za "mechi" zilizobana achana nazo, zinapendeza kwenye tangazo ila hazina huruma na ganda lililovimba hata kidogo. Muulize muuzaji swali moja tu, koo lina urefu gani, akishindwa kujibu nenda kwa mwingine. Ngazi ya kulishia, ule mteremko unaoipandisha risasi iingie chemba, iwe pana na laini, maana kichwa bapa kinapenda kujikwaa hapo. Mifereji iwe ya kawaida yenye kingo, mzunguko 1 kwa inchi 10 unatosha hata kwa greni 147. Na ukishaupata upime: sukuma kipande laini cha madini ya risasi ndani, kipime kwa maikrometa. Ikisoma .355 basi vichwa vyako viwe .356, vikiwa vyembamba gesi inapita pembeni na madini yanaganda kwenye mifereji.

Urefu chukua inchi 16. Baruti ya bastola inamaliza kazi yake mapema, kwa hiyo hizo inchi za mwisho hazikuongezei kasi ya maana, ila chini ya 16 kwenye bunduki yenye kitako cha begani unaingia kwenye usajili wa NFA, sheria ya silaha ya Marekani ya 1934, na kuvunja hiyo ni jela. Wengine wananunua mtutu mfupi ambao kifaa cha mdomoni kimechomelewa moja kwa moja mpaka jumla ifike 16, hiyo inakubalika.

SWALI: Jana rilodi moja ililia "puf" tu, haikupiga teke. Niliendelea, niko salama, ila nimeingiwa na wasiwasi. Msomaji, Columbus, Ohio.

JIBU: Mungu alikuwa upande wako. Baruti ikiwa kidogo au haipo, praima, kile kiwashio cha kitakoni mwa ganda, peke yake inakisukuma kichwa ndani kinakwama, na mtutu wa kabini ni mrefu kwa hiyo ni rahisi kikwame. Risasi inayofuata ikikikuta hapo mtutu unavimba au unapasuka. Siku nyingine ukisikia puf simama, toa kila kitu, mulika tochi kuanzia nyuma kwenye chemba. Kikiwemo, kigonge kitoke kwa fimbo ya shaba, usijaribu kukitoa kwa kupiga nyingine. Na mtutu wako wa jana pitisha kidole nje taratibu uangalie kama una kinundu, ukikuta kinundu usiupige tena.