Bati la rangi ya mkaa na joto la usiku: usiezue kwanza

Mkuu, umesema nyumba yako ya Kigamboni ina bati la rangi ya mkaa na dari ya jipsamu, usiku hakulaliki, na unajiuliza uezue uweke vigae au ununue kiyoyozi. Subiri kidogo. Nimeishi chini ya bati kama hilo, Tanga.

Mwambao wetu jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba, kwa hiyo kinachopigwa zaidi ni paa, siyo ukuta. Bati lenyewe hupoa mara jua likizama. Kinachokunyima usingizi ni hewa iliyofungiwa darini, pamoja na jipsamu na tofali za simenti zilizokunywa joto mchana kutwa. Panda humo saa nane mchana. Ukimaliza dakika mbili, wewe mwanaume.

Mafundi wengi huziba kila upenyo chini ya paa wakiogopa popo. Mimi nilimwambia wangu atoboe matundu nyuma ya fishabodi (ubao wa ukingo wa paa) pande zote, apigilie wavu mgumu, kisha afungue mengine juu kabisa, kwenye pembetatu za ukuta. Hewa ya moto hutokea juu, ya baridi huingilia chini. Hiyo peke yake ilibadilisha usiku wetu.

Halafu rangi. Nyeupe safi hurudisha hata asilimia 80 ya jua, nyeusi haifikishi 10. Tulisugua bati kwa sabuni kutoa vumbi na chumvi ya bahari, tukapaka rangi nyeupe ya mabati. Mama watoto alinuna, eti nyumba imekuwa zahanati, lakini feni sasa haipulizi moto. Ioshe kila mwaka, maana ikichafuka inapungua nguvu.

Karatasi ya alumini inayofungwa chini ya bati nayo inasaidia, mradi upande unaong'aa uachiwe nafasi ya hewa kama inchi moja. Upande huo ukibanwa ukagusana na kitu, hela imepotea. Upande unaong'aa utazame chini, vumbi lisiukalie.

Vigae vya simenti achana navyo: ni kilo 40 na zaidi kwa mita ya mraba, wakati bati la geji 28 ni kama kilo 4. Kenchi zako (mbao zinazobeba paa) hazikupigwa kwa mzigo huo. Kiyoyozi kifikirie baadaye, pengine kidogo kitatosha.

Ukipaka, paka asubuhi, bati likiwa moto rangi haishiki. Na kama unavuna maji ya mvua, chomoa bomba la gata kwenye tangi mpaka mvua za kwanza ziwe zimeosha paa.