Ukitaka kusaidia nyumba salama, anza na nauli

Kila ikikaribia Novemba 25, zinapoanza siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, napokea ujumbe kutoka vikundi vya kina mama, vya kanisani na vya kazini: "Dada, tunataka kwenda kuwaona wale manusura. Tubebe nini?" Wananiuliza kwa kuwa nimekuwa nikilichangia shirika moja dogo hapa Mwanza, na kujitolea pale kila nipatapo nafasi. Lina nyumba salama inayopokea wanawake waliopigwa, mabinti waliobakwa na watoto waliokimbia kuozeshwa. Silitaji jina, maana baadhi ya wanaolala pale bado wanatafutwa na watu waliowaumiza.

Jibu langu ni lilelile: toeni nauli.

Mchele na sabuni vinapokelewa kwa shukrani. Lakini fikiria binti aliyebakwa huko Ukerewe, kisiwani ndani ya Ziwa Victoria. Anapaswa kufika hospitali mapema, kwa sababu dawa za kumkinga na VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ndani ya siku 5. Akiwahi zaidi ni bora zaidi. Kuna kuripoti polisi na fomu ya PF3, ile ya polisi inayojazwa na daktari. Zile dawa humezwa kwa siku 28, kwa hiyo atahitaji kurudi kliniki. Ikiwa nyumbani si salama, analetwa Mwanza. Kesi yake inabaki Nansio, kulekule Ukerewe.

Hapo ndipo fedha zinapokwisha. Tarehe ya kesi ikifika, binti anavuka ziwa, na hawezi kuvuka peke yake: yupo mlezi, yupo mfanyakazi wa shirika, kuna chakula na mahali pa kulala. Wanafika, kesi inaahirishwa. Wanapangiwa tarehe nyingine. Mama yake, anayeishi kwa kuuza dagaa, anafunga biashara kila mara ili aende mahakamani. Wakati huohuo ndugu wa mtuhumiwa wanapita jioni na maneno laini: tuyamalize kifamilia, tutatoa ng'ombe, msimharibie kijana maisha. Mama aliyechoka na asiye na nauli ya tarehe ijayo ni rahisi kukubali. Mashahidi wasipofika, kesi inakufa. Watu husema mama huyo ameuza haki ya mwanawe. Mimi simlaumu. Nauliza nani alikuwa amshike mkono.

Fedha za wafadhili wakubwa mara nyingi zimefungwa kwenye mradi wenye mwanzo na mwisho, na safari ya nne ya kwenda mahakamani haimo kwenye bajeti. Kwa hiyo elfu kumi yako ya kila mwezi, isiyo na masharti, ina nguvu kuliko laki mbili za Desemba. Mhasibu anaweza kuipangia.

Kabla ya kutuma, uliza maswali. Shirika makini halikasiriki. Omba kuona cheti cha usajili chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002. Lipa kwenye akaunti au lipa namba yenye jina la shirika, si namba ya mtu binafsi, na udai risiti.

Mkiamua kwenda wenyewe, acheni kamera. Naomba hili kwa uzito wote. Picha ya mtoto akipokea pakiti ya taulo za kike, ikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp, inaweza kumfikia mtu yule ambaye mtoto alimkimbia. Msiwaulize "ilikuwaje?" Kila mmoja ameshasimulia kwa polisi, kwa daktari na kwa mnasihi, na atasimulia tena mbele ya hakimu. Kaeni, menyeni viazi pamoja nao, ongeeni mambo ya kawaida. Nguo za ndani ziwe mpya. Mtu aliyedhalilishwa asipewe za mtumba.

Kuna msaada mwingine ambao ni wachache wanaoufikiria, nao ni chumba. Siku ya kutoka nyumba salama ndiyo inayowatisha wengi, kwani wenye nyumba hudai kodi ya miezi mitatu au sita mkupuo, na mwanamke aliyekuja na mtoto na doti moja ya khanga hana. Kwa kukosa chumba, wapo wanaorudi kwa mume yuleyule. Namfahamu baba mmoja mwenye nyumba za kupangisha aliyekubali kupokea kodi ya mwezi mmoja mmoja kwa wapangaji wanaoletwa na shirika. Hakutoa hata shilingi, na wanawake kadhaa wameanzia maisha mapya kwake.

Kama una chumba, cherehani isiyotumika au bajaji na dereva unayemwamini, nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, uulize wanashirikiana na shirika gani. Na ukiona mtoto yuko hatarini leo, piga 116.