Jibu: Watoto wananyamaza kamera ikiwashwa

Salamu ndugu. Umesema watoto wa Rutshuru, mashariki mwa Kongo (DRC), unaowarekodi kwa filamu yako ya hali halisi wananyamaza kamera ikiwashwa. Angalia kwanza nani amesimama nyuma yako. Mwaka 2023, kambini Kanyaruchinya, kambi ya waliokimbia vita karibu na Goma, mvulana mmoja alinijibu "ndiyo" tupu mpaka mzee mmoja alipoondoka. Nikaweka kamera chini, nikamwuliza kuhusu chukudu ndogo (ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo) aliyokuwa akiichonga, magurudumu kayakata kwenye ndala kuukuu. Akaongea nusu saa, na habari za kukimbia usiku akazileta mwenyewe. Wewe usimwulize aliona nini. Na tafadhali sana, hata mama yake akikubali, ficha sura na jina la kijiji: waliowafukuza bado wana simu.