Kabla hujafunga gunia, tikisa chupa

Mwaka juzi nilinunua magunia matatu ya mahindi sokoni Kibaigwa, mavuno ndiyo yanaanza kuingia. Muuzaji akang'ata punje mbele yangu, ikaalika. Nikaridhika. Nikayalaza stoo, juu ya sakafu tupu. Wiki ya tano nikaingiza mkono gunia la chini: joto kama la mtoto mwenye homa, punje zimeshikamana, zina vumbi la kijani.

Mama mkwe akasema tuwape kuku.

"Hapana, mama. Hata kuku inawadhuru."

Tulinuniana siku mbili. Lakini sumukuvu yenyewe, sumu inayotolewa na ukungu kama ule wa kijani, ilikuja kujulikana kupitia ndege: mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa chakula cha mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Na sisi wa Dodoma hatuhitaji mifano ya Ulaya. Mwaka 2016 watu walikufa hapa na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Usijidanganye kwamba ugali umeiva vizuri. Moto unaua ukungu, sumu iliyokwisha kutoka inabaki kwenye sufuria.

Sasa nina chupa ya glasi yenye mfuniko. Naianika juani pamoja na chumvi mpaka vyote vikauke kabisa (siku moja niliiosha na kuisahau mbichi, nikamgombeza muuzaji wa watu bure). Natia mahindi theluthi ya chupa, naongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi, nafunga, natikisa kwa nguvu dakika moja, naiacha itulie robo saa. Chumvi huvuta maji. Ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, basi mahindi yanarudi juani, juu ya turubai, si kwenye udongo. Isipoganda bado siachi: mahindi ya kuweka yanatakiwa yasizidi asilimia 13 hivi, kwa hiyo naongeza siku moja ya jua. Jua letu la Dodoma halina bili.

Halafu magunia yanakaa juu ya chaga, mbali na ukuta. Kabla ya kusaga tunachambua punje zilizooza na kukoboa, maana kukoboa kunapunguza sumu.

Mama mkwe bado anang'ata punje kwanza. Akishatema, ananyoosha mkono apewe chupa.