Pesa ya Tairi

Mwanangu,

Salamu kutoka Malaba. Sisi wazima, na mguu wa bibi yako umepungua kuvimba, anatembea mpaka mlangoni bila fimbo.

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Umeniuliza hivi: "Mama, wewe na Baba hamkuwa na mshahara, na mlitusomesha wote watatu. Mimi mshahara ninao, sina mtoto, na tarehe 18 nakopa nauli. Mlifanyaje?" Nilitaka kukupigia, nikaona kwenye simu nitasahau nusu ya niliyo nayo. Kwa hiyo nimeandika. Kaa chini usome taratibu.

Jambo la kwanza: sisi hatukuwa na mwezi, tulikuwa na siku. Baba yako, Mungu amrehemu, aliendesha boda ya baiskeli hapa mpakani tangu kabla hujazaliwa. Unajua jina lenyewe lilizaliwa huku kwetu, hapa na Busia, watu wakivushwa kutoka kituo cha Uganda mpaka cha Kenya na waendeshaji wakiita abiria, "Boda! Boda!" Jioni alirudi shati limeganda mgongoni, akaketi mkekani na kumwaga fedha za siku, sarafu na noti zilizolowa jasho. Nilikuwa nimesimama pale na sufuria, nikisubiri ya unga. Kabla hajanipa chochote, alihesabu shilingi mia mbili akazitia kwenye mkebe wa Blue Band uliokuwa juu ya kabati. Hizo aliziita pesa ya tairi.

Siku za mwanzo tuligombana. Nilimwambia, tairi zima lile, halijapasuka, na hapa watoto wanataka mboga. Akanijibu kwa upole, "Tairi limeshapasuka, mama. Bado kujua siku tu."

Nilichukua muda kumwelewa. Alichokuwa akisema ni kwamba ile fedha haikuwa yetu tangu ilipoingia mfukoni. Kila safari aliyoenda ilikuwa imekula kipande cha tairi, na abiria alikuwa amekilipa kile kipande. Tungekila kwa samaki, tungekuwa tunakula baiskeli.

Baadaye ikaja mikebe mingine, wa kodi ya nyumba na wa shule. Mwaka 1997 UPE, ule mpango wa serikali wa elimu ya msingi kwa wote, ulipoanza na ada ya msingi kuondolewa kwa watoto wanne wa kila familia, tulipumua kidogo, lakini sare, madaftari na viatu vilibaki juu yetu. Kisha dada yako akaingia sekondari, ikawa ada, karatasi za rimu, ufagio, godoro. Hatukuwahi kuitafuta ada mwezi wa Januari. Januari hakuna fedha Malaba yote. Ada ya Februari tulianza kuiweka Oktoba, mia tano leo, mia tatu kesho, na siku ya mvua isiyo na abiria hatukuweka kitu.

Usidhani hatukukosea. Mwaka mmoja ilipokaribia Idi nilimsihi baba yako avunje mkebe wa tairi ili nyie mvae nguo mpya kama watoto wa jirani. Alikataa siku mbili, ya tatu akakubali kwa ajili yangu. Mlipendeza sana. Siku ya nne baada ya sikukuu tairi la nyuma likapasuka akiwa na abiria na gunia la vitunguu. Tukaenda kwa mkopeshaji mmoja wa hapa, shilingi 20 kwa kila 100 kwa mwezi. Kwa tairi moja tulilipa miezi mitano, kwa sababu mwezi tulipolipa riba deni lenyewe lilibaki vilevile. Nguo zile zilikuwa zimeshawabana kabla sijamaliza kulipa. Huo ni mkono wangu, si wa baba yako, na mpaka leo naukumbuka kila nikimwona mtu anakopa ili asherehekee.

Sasa twende kwako. Jana sokoni, wateja walipopungua, niligeuza karatasi ya unga nikaandika hesabu yako kama ulivyonieleza. Mshahara wa karatasi ni 700,000. Kodi ya mshahara ikitoka, na asilimia 5 ya NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, mkononi inabaki kama 550,000. Chumba, 180,000. Taksi, yaani matatu, kutoka Bweyogerere unakokaa, 2,000 kwenda na 2,000 kurudi, siku 26: 104,000. Chakula cha mchana karibu na duka la dawa unapofanya kazi, 6,000 kwa sahani, siku 26: 156,000. Yaka, umeme wa kulipia kabla, 30,000. Mimi unanitumia 80,000.

Nilijumlisha nikashtuka, nikajumlisha tena. Inakuja 550,000 kamili. Hapo hujala cha jioni hata siku moja. Hujanunua sabuni, pedi, bando, wala boda ya asubuhi ile uliyochelewa. Mwanangu, umekuwa ukijilaumu kwamba huna nidhamu. Hapana. Hesabu yako haikuwa inafunga hata kabla mwezi haujaanza, na wewe umekuwa ukiziba kwa mikopo ya kwenye simu. Nilisikitika kwamba umelibeba peke yako mwaka mzima.

Pa kupunguza ni pawili tu, mengine ni makombo.

Pa kwanza ni mimi. Usiweke barua hii chini, endelea. Dawa za presha za bibi zinanigharimu karibu 30,000 kwa mwezi, hizo nitumie, nami nitashukuru. Biashara yangu ya maharage inanilisha. Hizo 50,000 nyingine nimekuwa nikizipokea kwa sababu mama anapenda kuambiwa amekumbukwa, na majirani wakiniuliza najibu kwa kichwa kilichoinuka. Lakini kichwa changu kisiinuliwe kwa deni lako. Kuanzia mwezi huu ni 30,000.

Pa pili ni ile sahani ya 6,000. Najua ukitoka kazini umechoka na mkaa wa jioni moja unauziwa kwenye kimfuko. Hapo ndipo maskini anapolipa zaidi kuliko tajiri. Mafuta ya kadogo, yale ya kupimiwa kidogokidogo, sukari ya kadogo, makaa ya kadogo: kila kimoja kina faida ya mwenye duka mara nyingi ndani yake. Mimi nauza, najua. Gorogoro, lile kopo la kupimia, ninayoipima kwa vikombe inanipa zaidi ya ile ninayoimwaga yote kwenye mfuko wa mteja mmoja. Kwa hiyo tafuta jirani mmoja unayemwamini pale kwenye vyumba vya kupanga, mnunue gunia la makaa pamoja mgawane. Maharage yaloweke usiku wa Ijumaa, Jumamosi yachemshe ya siku nne kwa moto mmoja, bila chumvi na bila nyanya, maana yakiungwa yanachacha upesi. Yapashe moto mpaka yachemke asubuhi na jioni. Kila siku unatoa kiasi chako unakiunga na kitunguu, au karanga za kusaga, au mukene, wale dagaa. Ugali au wali ufunge kwenye kibakuli uende nacho kazini. Usione haya. Wenzako watakucheka wiki ya kwanza, ya pili mmoja atakuja na chake.

Ukifanya hivyo, chakula chote cha mwezi, pamoja na makaa, kitakaa kwenye 140,000. Nimepiga kwa bei za sokoni nikaongeza, kwa sababu Kampala ni Kampala. Na fedha hiyo usiione yote siku moja. Hili ndilo nililotaka kukuambia tangu mwanzo: wewe unapokea mwezi, lakini tumbo linakula siku, na wiki ya kwanza kila mtu ni tajiri. Igawe. Kila Jumapili toa 33,000 za wiki, hizo tu. Zikiisha Ijumaa, Jumamosi ni maharage matupu, nasi tumeyala na hatukufa. Tena uzitoe mara moja. Kutoa elfu tano mara nne kwa wakala wa pesa za simu kunakula zaidi ya kutoa elfu 20 mara moja, na juu ya ada ya wakala kuna ile kodi ya asilimia 0.5 iliyokuja 2018.

Kuhusu Yaka, muulize mwenye nyumba kama mita ni yako peke yako. Uniti 15 za kwanza za kila mwezi ni za bei ya chini, kisha bei inapanda. Kama mnachangia mita moja watu sita, uniti hizo rahisi zinakwisha kabla hujawasha taa. Bora ujue unalipa nini. Nimekuwekea 25,000.

Basi hesabu mpya: chumba 180,000, taksi 104,000, chakula 140,000, Yaka 25,000, mimi 30,000. Zinabaki 71,000. Humo, 40,000 ni tairi. Zinazobaki, 31,000, ni sabuni, pedi na bando. Ni chache, naziona.

Tairi lako ni lipi? Nimelifikiria usiku. Ni viatu unavyosimamia kutwa nzima nyuma ya kaunta. Ni simu, ni jino litakalouma, ni mwezi mwajiri atakapochelewesha mshahara. Yote hayo yameshatokea, bado kujua siku tu.

Hizo 40,000 usizikalie wewe mwenyewe, wala usizifiche chumbani. Babu yako aliweka fedha miaka mingi ndani ya gunia la mtama. Mei 1987 noti zikabadilishwa, shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, na asilimia 30 ikakatwa juu yake. Nilikuwa msichana, nilimwona akikaa na lile gunia mapajani bila kusema neno.

Zilete kwenye sanduku letu la kikundi cha akiba. Unalikumbuka, lile la chuma la kijani, lenye kufuli tatu. Bado tunakutana kila Alhamisi saa nne chini ya mwembe. Wanawake watatu wana funguo, mmoja mmoja, na anayelitunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Kufuli zikifunguliwa, fedha zinahesabiwa kwenye beseni mbele ya kila mtu, na kiasi cha wiki iliyopita tunakitaja kwa sauti kwa kichwa, kabla daftari halijafunguliwa. Hisa ni 2,000, mwisho hisa tano kwa wiki, na kila hisa unagongewa muhuri kwenye kitabu chako. Tano kwa wiki ni 10,000, kwa wiki nne ni 40,000. Nimeshaongea na mwenyekiti, amekubali niweke kitabu cha pili kwa jina lako, mradi likizo yako ya kwanza uje wakuone uso. Ukipata shida katikati, unakopa humo kwa shilingi 5 kwa kila 100 kwa mwezi, na riba hiyo haiendi kwa mtu, Desemba tunagawana wenyewe.

Nitumie 70,000 kwa mara moja, siku mshahara unapoingia, kabla hujanunua hata chapati. Siku hiyohiyo.

Na jamaa watakaopiga simu, wa mikutano ya harusi, wa binamu aliyefukuzwa shule, wanaokuambia "weka na ya kutolea": waambie fedha zako anazo Mama, wanipigie mimi. Msiba wa kweli nitaujua na tutachanga. Mengine nitayajibu mimi, umri wangu unaniruhusu.

Madeni ya simu uyamalize kwanza, hata kama tairi litangoja mwezi mmoja. Kisha usikope tena kwenye simu. Nenda pia NSSF uombe taarifa ya akaunti yako, uhakikishe mwajiri anapeleka asilimia 5 yako na 10 yake kila mwezi. Sheria ya 2022 inamtaka kila mwajiri apeleke, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Usimwogope. Uliza kwa adabu, lakini uliza, maana hiyo ni fedha yako ya uzee na imeshakatwa.

Jumamosi nitampa dereva wa basi la asubuhi mfuko wa maharage, kilo 10, yale mekundu marefu. Nimeyachagua mwenyewe, hayana mawe. Basi linapita Bweyogerere kabla ya kuingia mjini, kwa hiyo msubiri barabarani hapohapo, usiende mpaka stendi ukalipa nauli bure. Nitakupigia likitoka Jinja. Mfuko nimeufunga kwa uzi wa bluu. Jumapili jioni niandikie umetumia ngapi wiki nzima, hata kama hesabu ni mbaya.

Mama yako